Kipande cha Jua cha Upindo

Begi bado sijalifungua, na zawadi hakuna, msiniulize. Nimerudi juzi kutoka Mwafaka nikiwa na habari ambayo nikikaa nayo mpaka kesho nitapasuka.

Nchi yenyewe hamtaiona kwenye ramani ya shuleni. Namna ya kufika huko nayo haina haja ya kuieleza, maana mkienda nyie mtapita njia nyingine. Niseme tu kwamba walikuwa wanatafuta mpima ardhi, mimi nina stashahada ya upimaji ardhi na nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima, basi nikaenda. Kazi ilikuwa kupima upya mstari ulionyooka kutoka Kitovu, mji mkuu wao ulioko kaskazini, mpaka Upindo, mji wa mwisho kabisa kusini. Nilipima miezi mitano. Ni kilomita mia sita na tisini. Hiyo namba ishikeni, tutaihitaji.

Nitawasimulia nilivyoona, sitaongeza kitu. Na kwenye mambo yenye uzito nitawaambia nilikuwa nimesimama wapi. Mtajua baadaye kwa nini.

Watu wa Mwafaka wakikutana, wa kwanza anauliza, "Umeonaje?" na wa pili anajibu, "Kama wewe." Asubuhi, jioni, msibani, sokoni, jibu ni hilo hilo. Wiki ya kwanza nilikuwa najibu "nzuri tu", wakawa wananiangalia kama nimewatukana.

Salamu hiyo inatokana na sheria yao kubwa. Jambo likitokea, nchi nzima imeliona sawasawa. Ndani ya siku tatu Idara ya Kusawazisha inatoa karatasi inayoitwa Tamko, inayoeleza kilichoonekana, na karatasi hiyo inapita nyumba kwa nyumba ili watu wasaini. Ina safu tatu: jina lako, ulichoona, na sahihi. Safu ya kati inakuja ikiwa imeshajazwa.

Kuna siku mvua ilinyesha mtaa wa bondeni mpaka kuta zikaanguka, na mtaani kwetu, huko huko Kitovu, halikudondoka hata tone. Tamko likasema ilinyesha kiasi, kila mahali. Jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akatoka na ndoo akalimwagia maji paa lake, kiasi. Kule bondeni walioangukiwa na kuta walisaini kwamba kuta zimelowa. Joto nalo ni moja kwa nchi nzima, nyuzi ishirini na nne. Nilipita wilaya moja ya milimani wakati wa kazi yangu, watu wamevaa mashati ya mikono mifupi wanatetemeka mchana kutwa. Ukiwauliza, wanakwambia wanafanya mazoezi.

Nilimuuliza ofisa mmoja, kwa adabu, kama Idara inajua mwezi uko mbali kiasi gani. Akafungua kabati, akatoa jalada, akapangusa vumbi, akanisomea: mwezi uko umbali wa kutosha.

Sasa msicheke haraka, na mimi nilicheka nikaona haya. Zamani watu wale walipigana miaka saba kwa sababu ya wingu. Siku ya sherehe fulani wingu lilipita juu ya uwanja, nusu ya watu wakaona ng'ombe, nusu wakaona mashua, kila upande ukaona mwenzake anafanya makusudi. Walikufa watu elfu tisa. Kila nyumba pale ina babu aliyekufa kwa sababu ya wingu, na picha yake iko ukutani. Sheria ya Tamko ndiyo iliyomaliza vita, na tangu hapo hakuna aliyempiga mwenzake kwa kitu alichokiona.

Asiyesaini hafungwi wala hachapwi. Wanajivunia hilo. Anatangazwa kipofu.

Anavishwa kitambaa cheupe begani, anapewa mshika mkono, ambaye ni mtumishi wa Idara, na mshika mkono huyo anatembea naye kila aendako akimwambia anachokiona, mchana kutwa, maisha yake yote. Kipofu wa sheria haruhusiwi kufundisha, kutoa ushahidi, kusoma mbele za watu, wala kuvuka barabara peke yake. Mpishi wa nyumba ya wageni niliyofikia, Bi Mkasi, alikuwa kipofu wa mwaka wa kumi na moja. Alikataa kusaini Tamko la mechi ya mpira, alisema mpira ulivuka mstari. Huyu mama alikuwa anachagua mchele mkiwa mnaongea, hata chembe ya jiwe haimpiti, lakini mshika mkono wake akitokeza mlangoni, anaanza kupapasa sufuria.

"Ni heshima tu mwanangu," aliniambia. "Na yeye ana watoto wanamtegemea."

Haya, sasa jua.

Siku lilipopatwa nilikuwa nimeshamaliza kazi na kurudi Kitovu. Nilisimama uani kwa nyumba ya wageni, saa sita na dakika kumi mchana. Nilikuwa nimeazima kioo cha fundi wa kuchomelea. Jua lilizibwa lote. Mwezi ulilienea barabara, kama kifuniko na sufuria yake, pakawa giza, nyota mbili zikatokea, na kuku wa Bi Mkasi wakaingia bandani wenyewe. Nilihesabu mpaka tisini ndipo mwanga ukarudi. Bi Mkasi alikuwa amesimama karibu yangu, na mshika mkono wake akamtangazia kwa sauti ya kazini kwamba jua limezibwa. Mama akashukuru. Muda wote huo alikuwa ameshika chekeche juu ya sakafu, anaangalia vijua vidogo vilivyopita kwenye matundu yake vikinywea kimoja baada ya kingine.

Tamko likatoka kesho yake: jua lilizibwa lote, nchi nzima. Nilisaini bila wasiwasi. Ndivyo nilivyoona.

Baada ya siku nne akaletwa Mwalimu Mwasiti.

Kwa kuwa Mwafaka hakuna jela, wanaosubiri kusikilizwa wanalazwa nyumba ya wageni, na kitanda pekee kilichokuwa wazi kilikuwa chumbani kwangu. Akaingia mama wa miaka kama hamsini na tano, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na kikapu cha madaftari. Anafundisha hesabu Upindo. Alikuja na madaftari kwa sababu muhula unaisha na alikuwa hajamaliza kusahihisha.

"Umeonaje?" akanisalimia.

"Kama wewe," nikajibu. Nilikuwa nimeshazoea.

Akaweka kikapu chini. "Hapana mwanangu. Nakuuliza kweli."

Nikamwambia. Limezibwa lote, nyota mbili, kuku. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua daftari moja akanionyesha. Darasa lake lina paa la bati, na kwenye bati kuna tundu la msumari. Mchana jua likipita hapo, picha yake inaanguka sakafuni, duara dogo safi la mwanga. Siku ya kupatwa alifunga madirisha kwa magunia akawaambia wanafunzi wachore wanachokiona sakafuni, wapime kwa rula. Wanafunzi arobaini na moja. Kila daftari lilikuwa na mchoro ule ule: duara limeliwa, likabaki kama ukucha uliokatwa. Upana wa jua, sentimita nne. Upana wa kipande kilichobaki, milimita nane, saa sita na dakika kumi. Yaani sehemu moja ya tano. Na chini ya kila mchoro, vema kwa wino mwekundu.

Nilimuuliza wengine wa Upindo walisema nini. Akasema walisaini wote, mpaka mume wake, alisaini huku mkono wa pili ameshika mchoro wa binti yao.

"Kwa nini wewe usisaini, Mwalimu?"

"Vema nimeshaziweka," akasema. "Nikisaini, itabidi nirudi kwenye haya madaftari nikate vema arobaini na moja niweke kosa. Na watoto walipima sawasawa. Niliwasimamia mwenyewe."

Kesi yake ilikuwa asubuhi ya tatu kutoka siku ile. Akipatikana na hatia, hafundishi tena. Ndiyo kazi aliyokuwa anaijua, na Upindo hakuna mwalimu mwingine wa hesabu.

Nitasema ukweli: nilimhurumia, na moyoni nilikuwa na hakika kwamba amekosea, maana mimi giza nililiona kwa macho yangu. Yeye, nadhani, alinifikiria vivyo hivyo. Tukakaa kila mtu kitandani kwake, tumenuniana kwa heshima. Ndipo mazoea ya kazi yakanizindua. Sisi wapima ardhi, kabla hujaandika kipimo chochote, unaandika kituo: ulisimama wapi. Karatasi isiyo na kituo mwalimu wetu chuoni alikuwa anaichana mbele yako.

Nikauliza, kama mjinga, "Mwalimu, ulisimama wapi?"

"Darasani. Upindo."

"Na mimi Kitovu."

Tukaangaliana. Jamani, nilisimama juu ya kitanda.

Fanyeni hivi nyie wenyewe hapo mlipo. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, angalia kidole kimeziba nini ukutani. Sasa badilisha jicho. Kidole kimeruka. Hujakisogeza, ila umekiangalia kutoka mahali pengine. Kidole kikiwa karibu na pua kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Kwa hiyo ukijua kimeruka kiasi gani, na ukijua jicho moja liko mbali kiasi gani na jingine, unajua kidole kiko wapi bila kukigusa. Kitovu ni jicho moja, Upindo jicho la pili, mwezi ndio kidole, na jua ndio ukuta wa nyuma.

Mwalimu alikuwa ameshafanya nusu ya hesabu bila kujua. Picha ya jua sakafuni ni sentimita nne, na tundu la msumari liko juu sentimita mia nne na arobaini. Gawanya: mia na kumi. Maana yake jua liko mbali mara mia na kumi ya upana wake. Na kwa kuwa nikiwa Kitovu mwezi ulilienea jua barabara, mwezi nao ni hivyo hivyo, uko mbali mara mia na kumi ya upana wake wenyewe. Kutoka Upindo ulionekana umeruka sehemu moja ya tano ya upana huo, ndiyo ile iliyoacha kipande. Mia na kumi mara tano ni mia tano na hamsini. Basi mwezi uko mbali mara mia tano na hamsini ya njia ya kutoka jicho moja mpaka jingine. Na hiyo njia ndiyo niliyoipima kwa miezi mitano.

Mwalimu alizidisha pembeni mwa daftari la mwanafunzi, akaona alichofanya, akafuta kwa adabu. Kilomita laki tatu, sabini na tisa elfu, na mia tano.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba mume wake hataamini kuwa alienda mwezini na kurudi kwa tundu la msumari.

Bi Mkasi alikuwa ameleta chai na alisikia yote. Yeye hesabu hazikumgusa sana, lakini suala la macho mawili alilielewa kuliko sisi. Alifumba jicho moja, akainua birika, akamimina. Chai ikaangukia kwenye kisahani. "Jicho langu la kushoto lilivimba mwaka juzi, wiki nzima," akasema. "Nilimwagia wageni chai mapajani. Kuona nilikuwa naona. Nilichokuwa sijui ni kikombe kiko wapi."

Sasa shida iliyokuwepo hii hapa. Mimi niliitwa kutoa ushahidi kama mgeni, na ushahidi wa mgeni mmoja unahesabiwa kama wa watu wawili. Nikisema nilichokiona, Tamko limethibitishwa, naye Mwalimu kaumbuka. Usiku wa kuamkia kesi nikamwambia nimeamua: nitasema na mimi niliona kipande. Karibu Kitovu nzima siku ile ilikuwa imejifungia ndani kwa hofu, nani atabisha?

Mwalimu alikuwa anasahihisha. Hakuinua kichwa.

"Ukisema hivyo utaniokoa mimi," akasema, "na hesabu yetu itakuwa imekufa. Kipande kikiwa Kitovu na Upindo, mwezi haujaruka popote. Tutakuwa hatujapima kitu."

"Watakutangaza kipofu, Mwalimu."

"Nakuomba useme ulichoona. Mimi nitasema nilichoona. Moja bila jingine halina kazi."

Baraza la Kusawazisha ni ukumbi mrefu wenye madirisha upande mmoja, makusudi, ili mwanga utoke sehemu moja. Nilikaa mstari wa pili, kushoto. Watu walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Kicheko pale kina utaratibu wake: kuna karani mwenye kibao, akikiinua mnacheka, akikishusha mnanyamaza. Aliyeongoza ni Mheshimiwa Mwinyikai, Msawazishaji Mkuu, mzee mpole mwenye kikohozi. Picha ya babu yake ilikuwa nyuma ya kiti chake. Babu huyo alikufa upande wa ng'ombe.

Nikaitwa. Nikasema kwamba nilikuwa Kitovu, na kutoka Kitovu jua lilizibwa lote. Ukumbi ukashusha pumzi. Karani akaandika, "Lilizibwa lote." Nikamwomba aandike na nilipokuwa. Akanigeuzia karatasi nijionee, hakuwa na ubaya, alitaka kunisaidia kweli. Jina, ulichoona, sahihi. Hapakuwa na pa kuandika.

Mwalimu Mwasiti akapewa nafasi. Aliinua daftari moja, akaeleza kwa ufupi, kama anavyoeleza darasani. Akasema mgeni hajakosea, ameona vizuri, na yeye pia ameona vizuri, na ile tofauti yao ndiyo rula yenyewe. Akataja umbali wa mwezi. Mjumbe mmoja akauliza umbali wa kutosha umepungukiwa na nini. Karani akainua kibao, tukacheka, akashusha.

Mheshimiwa Mwinyikai hakucheka. Alikohoa, akamwangalia Mwalimu kwa huzuni hasa.

"Mwalimu," akasema, "tofauti ni wingu."

Pale hakuna aliyehitaji kibao ili anyamaze.

"Mheshimiwa," Mwalimu akasema, "naomba ushike kalamu mbili, moja kila mkono, unyooshe mikono. Ufumbe jicho moja. Kisha zikutanishe ncha kwa ncha, mara moja, bila kupapasa."

Alikuwa mtu wa haki, alikubali. Akashika kalamu, akafumba jicho la kulia, akazileta. Zikapishana kwa upana wa vidole viwili. Akajaribu tena, zikapishana upande wa pili. Mtu mmoja akacheka bila kibao. Alikuwa Bi Mkasi, kule mlangoni, ambaye kwa sheria alikuwa hajaona kitu, kwa hiyo hawakuweza kumshtaki.

Mheshimiwa akaziweka kalamu mezani, akazitazama kwa muda. Niliona, kutoka mstari wa pili kushoto, mkono wake unataka kuzichukua tena, safari hii macho yote yakiwa wazi. Lakini makarani wanafanya kazi haraka. Tamko lilikuwa limeshaandikwa na linapita mstari kwa mstari: kalamu zilikutana. Watu wakasaini. Lilipofika mbele, na yeye akasaini.

Kisha akasimama mjumbe mwingine, kijana mwenye suti, aliyejulikana kwa kupenda suluhu. Akasema hapakuwa na haja ya kumpoteza mwalimu mzuri. Kitovu wanasema hakikubaki kitu, Mwalimu wa Upindo anasema ilibaki sehemu moja ya tano. Basi nchi ichukue katikati: ilibaki sehemu moja ya kumi, kila mahali. Kitovu waongeze kidogo, Upindo wapunguze kidogo, Mwalimu asaini, arudi kazini. Watu walipiga makofi na hata Mheshimiwa alionekana kupata nafuu.

Nilisimama bila ruhusa. Nikasema kwamba kipande kikiwa sawa kila mahali tofauti inakuwa sifuri, na kwa sifuri mwezi hauna umbali wowote mtu anaoweza kuutaja. Nikaombwa nikae. Nikakaa.

Mwalimu hakujibu haraka. Nataka mjue hilo, alifikiria. Alishika ile miwani yake upande wenye uzi.

"Wanafunzi wangu nao watachora upya?" akauliza.

"Watachora sehemu moja ya kumi," akajibiwa.

"Wote arobaini na moja?"

"Wote."

Akakirudisha kitambaa chake cha kichwa vizuri. "Basi hapana."

Wakamtangaza kipofu saa nne na nusu asubuhi. Walimfunga kitambaa cheupe begani taratibu, mmoja wao akamwomba radhi pini ilipomchoma kidogo. Ushahidi ulioandikwa kwenye hukumu ulikuwa wangu, maneno mawili, "Lilizibwa lote", nayo yalikuwa kweli. Mwalimu alipopita karibu na mstari wetu alinigusa bega, akasema nimejibu vizuri. Aliongea kama anarudisha daftari lililosahihishwa.

Lile Tamko la kalamu lilinifikia mlangoni natoka. Nikaandika jina, na pembeni, kwenye ukingo wa karatasi maana hapakuwa na nafasi nyingine, nikaandika: kutoka mstari wa pili kushoto, hazikukutana. Wageni hawatangazwi vipofu. Wanapewa mpaka saa sita mchana ya kesho yake wawe wameondoka.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata nilikuwa kituo cha malori cha Kitovu, na begi. Mwalimu alikuwa hapo pia, anasubiri lori la Upindo. Alikuwa ameketi kwenye benchi na kikapu chake miguuni, na hatua moja pembeni yake amesimama mshika mkono aliyepewa, Bwana Makame, mtu mnene wa makamo mwenye kofia ya Idara na fomu za kazi kwenye ubao wa kuandikia. Mshika mkono anajaza fomu kila siku: saa, na kipofu alichoambiwa. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwao, nyuma.

Bwana Makame alianza kazi. Alisema kwa sauti ya kazini kwamba mbele yao kuna barabara, kuna wauza maji, kuna mnara wa saa, na mbele ya mnara kuna bango la Matamko. Saa haionekani, bango limeiziba.

"Saa tatu na robo," akasema Mwalimu.

Bwana Makame akasita. "Mwalimu, wewe ni kipofu," akamwambia, bila ukali, kama unavyomkumbusha mtu mwavuli wake.

"Ndiyo. Njoo ukae nilipokaa."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mwalimu alisogea akampisha. Akakaa, ubao magotini. Akatazama mbele kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Akainuka, akarudi pale alipokuwa amesimama, akatazama. Akarudi akakaa tena. Wauza maji walipita.

"Umeonaje, Bwana Makame?" Mwalimu akauliza.

Jibu la salamu hiyo mnalijua. Hakulitoa. Alichomoa kitambulisho chake shingoni, akakilaza juu ya fomu, akakitumia kama rula. Akachora mstari mmoja mwembamba kutoka juu mpaka chini, safu mpya. Akainamia karatasi na kalamu hewani.

"Mwalimu, kipi kinatangulia," akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "alichoona, au alipokuwa?"

"Alipokuwa," akasema Mwalimu. "Kila siku anza na alipokuwa."

Akaandika. Lori la Upindo likaja, akampokea kikapu, akampa mkono kama kazi yake inavyotaka, wakapanda.

Nilikuwa hatua tatu nyuma ya benchi. Kutoka pale, ile saa sikuiona kabisa.